Gari Lililokataa Kuitika

Kwa miaka kumi na mmoja niliuza dagaa sokoni Mwigobero, mjini Musoma, hatua nne kutoka meza ya Dafroza fundi redio, na sikuwahi kumsikia akimjibu mteja kabla hajakishika kitu alicholetewa. Mtu anafika, anasema shikamoo, Dafroza tayari ameshanyoosha mkono. Anakipokea kitu, anakigeuza, anakitikisa karibu na sikio, anakinusa. Ndiyo, anakinusa, maana kitu kilichoungua ndani hakifichi harufu. Akishamaliza ndipo anamkumbuka mwenye mali: "Marahaba. Ulisema nini?" Wengine walidhani ana dharau. Haikuwa dharau, ulikuwa udadisi, na ulimkaa mwilini tangu ujana. Sina haki ya kumcheka, kwani na mimi ninao uleule, ila wangu ni wa mambo ya watu.

Tulitoka naye kijiji kimoja, upande wa Majita. Huko alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, na kikundi chake kilikuwa kimepewa redio moja ya kusikilizia vipindi. Mwishoni mwa miaka ya sabini redio ile ilikoroma wiki nzima, kisha ikanyamaza. Mwenyekiti wa kijiji akaamuru irudishwe wilayani. Kabla ya kuirudisha, Dafroza aliifungua kwa kisu cha kuparia samaki. Aliniambia baadaye kwamba hakuwa na nia ya kuitengeneza. Alitaka tu kuona yule msoma taarifa anakaa upande gani. Hakumwona, lakini aliona waya mwembamba uliokatika, akauunga, na tangu siku hiyo wanaume wa kijiji wakawa wanambebea redio zao chini ya makoti kwa aibu, kwa sababu fundi alikuwa mwanamke.

Kisha ikaja ile miaka ya kukosa kila kitu. Waliokuwapo wanajua, na ambao hawakuwapo hawaamini. Betri za redio zilikuwa haba kuliko sukari. Zikichoka hukuzitupa: ulizianika juani juu ya bati, zikichoka tena ulizitafuna kwa magego mpaka zibonyee, ili zitoe nguvu iliyojificha. Dafroza alikuwa akizipanga betri nane zilizotafunwa ndani ya mwanzi mmoja, anazibana kwa mpira wa baiskeli, na kijiji kizima kinakaa kusikiliza taarifa ya habari kwa nguvu ya meno yetu. Hata kopo tupu lilikuwa mali siku hizo. Kopo la bati halikuguswa kwa upuuzi. Lilikuwa kibatari, kikombe, kipimo cha dagaa. Dafroza alijizoeza kuziba vitu vyake kwa plastiki au mbao, bati akaliachia jikoni. Nalitaja kopo hili mapema kwa sababu lina kesi yake mbele.

Mambo yalipofunguliwa na bidhaa zikarudi madukani, Dafroza alihamia Musoma mjini na meza yake. Mimi nikamfuata na ungo wangu wa dagaa. Redio zikajaa, zikaja kaseti, mwishowe zikaja televisheni. Hapo ndipo Dafroza alipopata jina. Mtu wa Musoma aliyetaka picha ya maana alilazimika kuikamata ya Kisumu, ng'ambo ya ziwa, na picha ya Kisumu ilifika kwetu imechoka, imejaa chenga. Dafroza akatengeneza busta. Kilikuwa kikopo cha plastiki cha siagi chenye vikorokoro ndani, alichokifunga juu kabisa ya mlingoti wa mkaratusi, chini ya antena. Kinainyanyua ile picha iliyochoka, unaona mpaka jasho la mchezaji. Kufikia Juni mwaka 1998, Kombe la Dunia linaanza, alikuwa amekwisha kuuza kumi na moja, karibu zote mtaa wa Nyakato. Nilijigamba kwa niaba yake mpaka watu wakadhani mimi ndiye niliyezitengeneza.

Ijumaa moja ya Juni hiyo Kasmiri akaja mezani. Kasmiri alikuwa dereva. Zamani aliendesha lori la pamba la chama cha ushirika huko Bunda, mpaka chama kilipolegea na wafanyakazi wakapunguzwa. Alikaa miaka mitatu bila kazi, na watoto sita, kabla hajachukuliwa na Felisian wa Nyakato, mnunuzi wa sangara aliyekuwa akipeleka samaki kiwandani. Felisian alikuwa mtu wa kelele lakini hakuwa mtu mbaya. Mwezi wa nne alikuwa ameleta gari dogo jeupe lililotumika Japani, la kwanza mtaani kwao kufunguliwa kwa rimoti. Ukibonyeza, gari linalia pwi-pwi, taa zinakonyeza, milango inaachia. Watoto wa Nyakato walikuwa wakimsubiri getini ili tu walione likiitika.

"Dada Dafroza, nimekwisha," Kasmiri alisema, akatoa rimoti mfukoni imeviringishwa kwenye leso.

Dafroza alikuwa ameshainyakua. Akaigeuza, akaitikisa, akainusa. "Inanuka jua," alisema. "Marahaba. Ulisema nini?"

"Gari haiitiki. Tangu Jumapili. Asubuhi Jumapili nimeiosha ziwani kama siku zote, narudi nyumbani, inakubali kufunga mlango kwa mkono, nikibonyeza jioni kufungua, kimya. Bosi anasema nimeiloweka rimoti ziwani. Dada, rimoti ilikuwa kwenye mfuko wa shati, na shati niliivua nikaitundika kwenye mti! Sikuiloweka."

Akaeleza yote. Gari lile ukiliacha dakika chache linajifunga lenyewe na kujilinda. Ukilifungua kwa ufunguo bila rimoti, king'ora kinalia na injini haiwaki. Basi tangu Jumapili, karibu kila asubuhi, wanalifungua kwa ufunguo, king'ora kinapiga kelele mtaa mzima, wanaume sita wanalisukuma kutoka uani mpaka barabarani na kelele zake, na likifika karibu na mashine ya kusaga, Kasmiri anabonyeza, pwi-pwi, linanyamaza na kuwaka. Wote wakasadiki kwamba limezoea kusukumwa. Na nani asingesadiki? Magari yote tuliyoyajua maishani yalikuwa yanaponea kwa kusukumwa.

Lakini Jumatatu ile, kabla ya kufika kwenye mashine, king'ora kililia robo saa. Felisian akakosa kuonana na watu wa kiwanda waliokuwa wanamsubiri. Akarudi uani na hasira zake, akamsimamisha Kasmiri mbele ya wasukumaji na majirani, akasema, "Njia ya mwongo ni fupi. Sema uliiloweka." Kasmiri akasema hakuiloweka. Felisian akampa wiki moja. Jumatatu inayofuata, kama rimoti haijapona, anakuja dereva mwingine kutoka Tarime.

"Kazi nikikosa nitatafuta," Kasmiri alisema. "Lakini kuitwa mwongo mbele za watu, dada, mimi nilikuwaga nabeba mishahara ya ushirika, sikuwahi kuambiwa hivyo."

Dafroza alikuwa ameshaifungua rimoti kwa ncha ya wembe. Akatoa kibetri cha duara, kidogo kuliko shilingi, akakiinua kwenye mwanga. Akaniita, "Mama Robi, njoo uone." Nikaona. Pembeni ya kibetri kulikuwa na alama mbili za meno.

"Nani amekitafuna?"

Kasmiri akaangalia chini. "Bosi. Siku ya Jumanne. Alisema enzi zile betri zilikuwaga zinarudi hivyo. Haikurudi, akaianika rimoti yote juu ya bati mpaka mchana."

Nilicheka mpaka nikamwaga kipimo cha dagaa. Tajiri wa magari ya rimoti, na magego yake bado yako mwaka themanini na tatu! Dafroza hakucheka. Alikipima kile kibetri kwa mita yake, akatikisa kichwa kwa kukistaajabia. Kilikuwa kizima. Kibetri cha Kijapani kilikuwa kimestahimili meno ya Felisian.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa. Alichukua redio yake ndogo, akazungusha kitafutio mpaka penye nafasi tupu kati ya vituo viwili, pale panaposikika mvumo tu. Akaisogeza rimoti karibu kabisa na redio, akabonyeza. Redio ikasema trrr. Akaachia, ikanyamaza. Akabonyeza, trrr.

"Ni nzima," alisema, na macho yake yakawa kama ya mtoto aliyeona sisimizi wamebeba panzi. "Rimoti inaita vizuri. Asiyeitika ni gari."

"Sasa si ndiyo mbaya zaidi?" Kasmiri aliuliza. "Bosi atasema nimeharibu gari."

"Ngoja. Wiki hii gari imeenda wapi na wapi?"

"Jumanne mchana Bunda, bosi alikuwa na watu wa pamba. Jumatano Butiama, kwenye msiba."

"Bunda iliitika?"

Kasmiri alifikiri. "Iliitika. Bonyeza moja tu."

"Butiama?"

"Butiama pia. Kule nilifunga na kufungua kama mara tano, watoto walikuwa wanataka kuona."

"Kwa hiyo gari inasikiaga Bunda, inasikiaga Butiama, inasikiaga kwenye mashine ya kusaga. Haisikii nyumbani kwao tu."

Tukatazamana. Mimi nilikuwa na jibu tayari. Nilisema huo ni mkono wa mtu, Felisian ana jirani mwenye kijicho. Dafroza akanijibu kwamba hata mkono wa mtu una urefu wake, na yeye angependa kuupima. Akamwambia Kasmiri tutafika kesho.

Jumamosi nilifunika dagaa zangu mapema. Watu waliniuliza naenda wapi, nikasema naenda kumsaidia fundi. Sikuwa na msaada wowote. Nilikuwa nakwenda kuona.

Tulifika Nyakato baada ya saa kumi. Uwanja wa Felisian ulikuwa umejaa kama harusi. Televisheni ilikuwa imewekwa barazani juu ya meza, Naijeria wanacheza na Hispania, na mtaa mzima umekaa kwenye mabenchi, ndoo zilizopinduliwa na kreti za soda. Gari jeupe lilikuwa pembeni ya uwanja, kimya. Kasmiri alikuwa amesimama kando yake peke yake. Hakukaa na wenzake. Nilipomuuliza alisema hajakatazwa, ila tangu Jumatatu hajasikia mtu akimkaribisha.

Dafroza hakwenda kwenye gari. Alianzia mbali, kwenye mashine ya kusaga. Akawasha redio yake, safari hii upande wa FM, akazungusha mpaka penye shshsh tupu, ule mvumo unaofanana na mvua inayonyesha mbali. Akaanza kutembea kurudi kwa Felisian, redio sikioni, hatua kwa hatua. Watu wakamwona na kudhani anasikiliza mpira.

Mimi nilikuwa pembeni yake. Tulipofika kwenye ua wa michongoma, mvua ya redio ikaanza kupungua. Nikamwambia betri zinaisha.

"Hazijaisha," alisema. "Kuna kitu kinaizima sauti. Sikiliza."

Akarudi nyuma hatua tano, shshsh ikarudi. Akaenda mbele, ikafifia. Jamani, nilisisimka. Maisha yangu yote nilidhani kitu kinachosumbua ni kitu chenye kelele, kumbe tulikuwa tunafuata ukimya kama mtu anavyofuata harufu ya samaki. Tulipita geti. Tulipita gari, na pale redio ikawa karibu bubu, imebaki na mngurumo mdogo, mmmm, kama nyuki mmoja ndani ya chupa. Dafroza akasimama, akamuuliza Kasmiri kwa sauti ya chini:

"Umeme ulikatikaga wiki hii?"

"Alhamisi asubuhi, saa nzima."

"Na Alhamisi asubuhi gari?"

Kasmiri akaligeukia gari. "Iliitika. Hatukuisukuma siku hiyo. Bosi akasema nimeanza kwenda kwenye maombi."

Dafroza akaendelea na ule mngurumo. Ulitupeleka nyuma ya baraza, kwenye kona ya nyumba, ukawa mkubwa, mvua ya redio ikafa kabisa. Tulikuwa chini ya mlingoti. Akainua macho taratibu, na mimi nikainua yangu. Juu kabisa, chini ya antena iliyoelekea Kisumu, kilikuwa kimefungwa kikopo cha plastiki cha siagi.

Busta yake mwenyewe. Alikuwa ameifunga Jumapili iliyotangulia, asubuhi, gari likiwa limekwenda kuoshwa ziwani. Likarudi, na jioni ndipo lilipoonekana limekuwa kiziwi.

Akaizima redio. Kisha akanieleza, huku akiutazama ule mlingoti kama mama anayemtazama mtoto aliyerudishwa kutoka shule. Busta ilitakiwa kusikiliza tu na kunyanyua. Hii ilikuwa imeanza kujisikia yenyewe, ikawa inapiga kelele yake angani mchana kutwa, kelele ambayo sikio la mtu haliipati lakini sikio la gari linaipata. Rimoti ikiita, gari haliwezi kuisikia, kama ambavyo hutasikia mtu anayekunong'oneza kando ya mashine ya kusaga. Kilichotakiwa kuizuia ni kuizungushia bati. Kopo la bati. Na yeye, kwa mazoea ya miaka ile, alikuwa ameifunga kwenye plastiki ili asipoteze kopo.

"Mganga hajigangi," nilisema, nikajuta palepale.

Niliogopa kwa ajili yake, nasema kweli. Busta kumi na moja! Watu wakijua, wote watarudi na vikopo vyao, na wale wanaume waliokuwa wakificha redio chini ya makoti watapata la kusema. Nikamshika mkono nikamwambia, "Dafroza, nyamaza. Iteremshe kesho, useme unaikagua. Gari litapona lenyewe. Mwambie Felisian yalikuwa mawimbi ya Kisumu. Nani atajua?"

Alinisikiliza. Najua alinisikiliza kwa sababu alivuta kitambaa chake cha kichwa mbele na nyuma, kama afanyavyo hesabu inapomkataa. Gari likipona lenyewe, kazi ya Kasmiri ingesalimika. Hilo tulilijua wote wawili. Kisha akageuka akamtazama Kasmiri, aliyekuwa bado amesimama kando ya gari na rimoti mkononi, mbali na benchi ambalo wiki iliyopita alikuwa akikaa.

"Likipona lenyewe," alisema, "watasema liliingia maji likakauka. Kasmiri atabaki yule mwongo aliyeiloweka rimoti."

Akaenda barazani.

Naijeria walikuwa wamefungwa mbili kwa moja, na dakika ileile wakasawazisha. Uwanja ulilipuka, watu wakakumbatiana, kreti zikaanguka. Katikati ya kelele hizo Dafroza alipita nyuma ya televisheni, akashika waya wa busta, akauchomoa ukutani.

Picha ikafa. Chenga tupu.

Sijawahi kusikia kelele kama ile, na mimi nimekaa sokoni maisha yangu yote. Mmoja akasema umeme, mwingine akasema Kisumu wametukatia. Kisha wakamwona mwanamke amesimama na waya mkononi. Felisian akanyanyuka na shingo imemvimba.

"Fundi! Una wazimu? Rudisha!"

"Nitarudisha, kaka Felisian. Kasmiri, bonyeza."

Kasmiri akabonyeza.

Pwi-pwi. Taa zikakonyeza. Milango ikaachia, tak, wote tukaisikia.

Watu wakageuka kutoka kwenye chenga kulitazama gari. Dafroza akachomeka waya, picha ikaanza kurudi, akamwambia Kasmiri abonyeze tena. Kimya. Akauchomoa. "Bonyeza." Pwi-pwi. Hata mtoto aliyekuwa amekalia ndoo alielewa.

Felisian akaja mpaka kwenye gari, akaichukua rimoti kutoka kwa Kasmiri, akabonyeza mwenyewe mara tatu, nne. Likaitika kila mara. "Nani aliweka hiyo busta?" aliuliza, ingawa alimlipa kwa mkono wake mwenyewe.

"Mimi," Dafroza alisema. "Kosa ni langu. Niliifunga kwenye plastiki, ilitakiwa bati. Rimoti ni nzima, gari ni zima. Kesho nitapanda kuirekebisha, na za wengine wote nitazirekebisha, bure."

Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Niliwaona watu watatu wenye busta zake wakitazamana. Uso uliniwaka moto kana kwamba mimi ndiye niliyekosea.

"Basi sawa," Felisian alisema. "Yameisha. Rudisha picha."

Dafroza hakusogea. Waya ulikuwa bado mkononi mwake. "Bado, kaka. Jumatatu ulisema neno hapahapa, watu wakiwepo. Lile neno bado liko hewani kama busta yangu. Mimi langu nimelizima."

Felisian akatazama huku na huku. Alikuwa tajiri, na tajiri kurudisha maneno yake mbele ya watu aliowanunulia soda si kazi ndogo. Angeweza kumnyang'anya mwanamke waya. Lakini dakika zilikuwa zinakwenda, ni mbili kwa mbili, na wale watu hawakuwa tena watu wa Felisian. Walikuwa watu wa Naijeria.

"Sema bosi, mpira unaisha!" mtu alipiga kelele nyuma.

"Sema upesi!"

"Mzee Felisian, si neno moja tu?"

Uwanja mzima ukapokea, wanaume kwa wanawake: sema, sema, sema. Felisian akajifuta uso kwa mkono.

"Kasmiri hakuiloweka," alisema.

"Na ile njia fupi?" Dafroza aliuliza.

Felisian akamgeukia dereva wake, na hapo sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu wa kawaida. "Kasmiri si mwongo. Nilisema vibaya, ndugu yangu."

Dafroza akachomeka waya. Chenga zikatawanyika, picha ikaja, na tukaona Wanaijeria wamelaliana chini kwa furaha na kibao kinasoma tatu kwa mbili. Bao la tatu lilikuwa limefungwa sisi tukiwa gizani. Wanasema lilikuwa shuti la mbali, zuri kuliko yote ya siku ile. Nyakato nzima haikuliona, na hadi leo wapo wasiomsalimia Dafroza kwa sababu ya bao hilo. Kwa sababu ya kikopo cha siagi, hakuna hata mmoja aliyemnunia.

Jumapili baada ya misa alianza na mlingoti wa Felisian. Nilimsaidia kukusanya makopo ya maziwa ya unga kutoka kwa kila mama niliyemjua, na niliyaomba kama mtu anayechangisha harambee. Kumi na moja. Ilimchukua wiki mbili. Wawili walidai warudishiwe fedha zao zote na busta abaki nayo, naye akakubali bila kubishana. Mimi ndiye niliyebishana.

Jumatatu asubuhi, siku ambayo dereva wa Tarime alikuwa aje, gari jeupe lilishuka Mwigobero. Kasmiri akaegesha kando ya vichanja vya dagaa, akashuka, akafunga mlango. Akatembea hatua kumi, akageuka, akabonyeza. Pwi-pwi. Akatembea nyingine kumi, akabonyeza. Pwi-pwi. Akafika mpaka kwenye meza ya Dafroza, akabonyeza tena kutoka huko, na gari likaitika.

Dafroza alikuwa ameshanyoosha mkono kuipokea ile rimoti. "Ina shida gani tena?"

"Haina shida, dada."

"Sasa mbona unabonyezabonyeza?"

Kasmiri akaitazama rimoti kwenye kiganja chake, yenye alama za jua na yenye kibetri kilichotafunwa ndani.

"Nasikia raha tu," alisema, "kuita na kuitikiwa."